Ua Lichanualo Mwisho



Bwana Yesu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta wafanyakazi. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa. Hata saa kumi na moja, jua likikaribia kutua, akakuta watu wamesimama bure, akawapeleka nao shambani. Jioni kila mmoja alipewa dinari moja, wale wa alfajiri sawasawa na wale wa saa kumi na moja. Wa kwanza walinung'unika, lakini mwenye shamba hakugeuza neno lake.

Kila mara mtihani wa Ubatizo unapokaribia, yuko mtu kijijini asiyeweza kuusikia mfano huo bila kuinamisha kichwa. Ni mzee mwenye mvi, au mama aliyelea watoto wengi kabla hajaliona darasa la dini. Watoto wanaokaa naye kwenye benchi moja wamekwisha kujua sala zote kwa moyo. Yeye akifika katikati ya Nasadiki hupotea, na watoto hucheka. Usiku hujisemea: «Nimechelewa. Mungu atafanya nini na masalio ya maisha yangu?» Baadhi ya watu wa namna hiyo huacha kuja. Hakuna aliyewafukuza, wamefukuzwa na haya.

Kwa ajili ya mtu huyo yafaa kueleza habari za ua moja la porini, liotalo mbali, katika Amerika ya Kaskazini. Ua hilo huchanua nyuma ya karibu maua yote ya nchi yake, na kwa kuchelewa kwake huponya viumbe wengi.

1. Nchi yenye majira manne

Katika sehemu nyingi za Kongo watu huhesabu majira mawili makubwa, masika na kiangazi. Katika mashariki ya Marekani na kusini ya Kanada majira ni manne. Mwezi wa Aprili na Mei ardhi huamka na maua hufunguka. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto. Septemba na Oktoba majani ya miti hugeuka rangi, yakawa mekundu na manjano, kisha hupukutika. Ndipo yanapokuja majira ya baridi. Maji ya madimbwi huganda yakawa magumu kama jiwe, theluji hufunika ardhi, wala hakuna ua hata moja nje. Hali hiyo hukaa miezi mitatu au minne, na pengine zaidi.

Fikirini basi maisha ya nyuki na ya kipepeo katika nchi hiyo. Chakula chao chatoka katika maua: maji matamu yaliyomo ndani, na kwa nyuki ule unga wa manjano pia. Mwezi wa Juni maua ni mengi, na kila mdudu hushiba. Mwezi wa Septemba mengi yamekwisha kunyauka. Kwa hiyo wakati ule ambao kila kiumbe chataka kujitayarisha kwa baridi, haja ikiwa kubwa kuliko wakati wote, meza ni karibu tupu.

2. Ua lenyewe

Wataalamu wa mimea huliita Symphyotrichum novae-angliae. Watu wa kawaida huliita asta ya New England, kwa jina la nchi ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Neno asta latoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni nyota. Hakuna aliyelileta kutoka ng'ambo, ni mwenyeji. Huota lenyewe kando ya njia, katika mashamba yaliyoachwa, na mahali penye unyevu. Shina lake lina manyoya, nalo hufika urefu wa mita 1 na zaidi, hata karibu mita 2.

Chipukizi zake hutokea mwanzo wa mwaka, pamoja na za mimea mingine. Lakini mwezi wa Juni, majirani zake wakiwa wamevaa rangi, lenyewe ni majani matupu. Mwezi wa Julai bado. Mpita njia asiyelijua husema: «Hili ni gugu tu, ling'olewe.» Kisha, mwisho wa Agosti na katika Septemba na Oktoba, maua mengine yakiwa yamekwisha, hufunguka. Rangi yake ni zambarau, ile ambayo padri huivaa katika Majilio na Kwaresima, rangi ya kungojea. Na katikati ni manjano kama kiini cha yai.

Mtu akitazama kwa karibu ataona ajabu nyingine. Kile kinachoonekana kuwa ua moja ni kusanyiko la maua madogo mengi. Lile duara la manjano ni vikombe vidogo vingi vilivyobanana, na kila kikombe kina maji yake matamu. Mdudu akitua hapo hunywa katika kimoja, akasogea, akanywa katika kingine, bila kuruka mahali pengine. Kadiri baridi inavyomlegeza, ndivyo anavyohitaji meza iliyokusanywa hivyo.

3. Wageni wa saa kumi na moja

Wa kwanza wa wageni hao ni nyuki wanene wenye manyoya mengi, wakubwa kuliko nyuki wa asali. Hukaa jamaa ndogondogo, mara nyingi chini ya ardhi, katika mashimo yaliyoachwa na panya. Hawaweki asali ya kuwatosha majira ya baridi. Mwisho wa mwaka mama wa kiota hufa, na wafanyakazi wote hufa, na madume hufa. Wanaobaki ni malkia wachanga waliozaliwa mwishoni. Kila mmoja wao, akiisha kukutana na dume, hula kwa bidii mpaka mwili wake umejaa akiba. Kisha huchimba shimo dogo, akalala humo peke yake miezi mingi, theluji ikiwa juu yake. Majira ya maua yakirudi huamka, hutaga mayai, na kuanza kiota kipya.

Tazameni basi jambo hili. Kiota chote cha mwaka ujao kimo katika mwili wa nyuki mmoja. Asiposhiba kabla ya baridi, kiota hicho kimekufa kabla hakijazaliwa. Na ua linalomshibisha ni lile lililoitwa gugu mwezi wa Juni.

Hatari hiyo si maneno matupu. Iko aina moja ya nyuki hao, yenye doa la rangi ya kutu mgongoni, iliyokuwa ikionekana mahali pengi katika Marekani. Mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo iliiandika katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zatajwa nyingi: magonjwa, dawa za kuua wadudu, na nchi kusafishwa hata maua ya porini yakakosa mahali. Nyuki wakipungua, si asali tu inayopungua. Wao huchukua unga wa ua moja na kuupeleka kwa jingine, na bila kazi hiyo mimea mingi haizai. Mama wa Kongo anayelima maboga aweza kuyaona haya mwenyewe: ua la boga lisilotembelewa na mdudu hunyauka, likaanguka bila kuacha boga.

Mgeni wa pili ni kipepeo aitwaye Monarch, yaani mfalme. Uzito wake ni kama nusu gramu. Mwisho wa mwaka vipepeo hao huondoka Kanada na kaskazini ya Marekani, wakasafiri mpaka milima ya katikati ya Meksiko, wengine mwendo wa zaidi ya kilometa 4,000. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Wala wazazi wao hawakufika. Aliyewapa njia ni Mungu. Lakini hata mwenye kujua njia hawezi kusafiri na njaa. Kwa hiyo hutua juu ya asta na maua mengine ya mwisho wa mwaka, hunywa, hunenepa, wakaendelea.

Hufika Meksiko karibu na mwanzo wa Novemba, katika siku za Watakatifu Wote na za Marehemu. Watu wengi wa milima ile wamezoea kusema kwamba ni roho za wafu wao zinazorudi kuwatembelea. Mkristo hasadiki kwamba roho ya mtu hugeuka kipepeo. Hata hivyo aweza kujifunza kitu hapo: kiumbe dhaifu kabisa alivuka nchi tatu, kwa sababu njiani palikuwa na ua lililokuwa bado linangojea.

4. Namna ya kulipanda

Kwa kuwa mahali pa porini pamepungua, watu wengi wa Marekani na Kanada wameanza kulikaribisha ua hili katika bustani za nyumba zao. Kazi yenyewe si ngumu, lakini yataka saburi.

Mbegu zake ni ndogo sana, zenye manyoya ya kupeperushwa na upepo. Huchumwa vichwa vya maua vikiisha kukauka. Mwenye bustani huzimwaga juu ya udongo kabla ya theluji na kuzigandamiza kwa kiganja, bila kuzifukia sana. Kisha huziacha katika baridi. Mtu asiyejua angezihurumia na kuziweka ndani penye joto. Kumbe angezidhuru, kwa maana mbegu nyingi za namna hiyo haziamki vema zisipopita kwanza katika baridi na unyevu. Atakaye kupanda baadaye huziweka katika mchanga wenye unyevu ndani ya friji, kwa muda wa miezi miwili hivi, ndipo azitoe.

Mahali pake ni penye jua na udongo usiokauka upesi. Kati ya shina na shina huachwa kama sentimeta 60 ili upepo upite. Zikibanana, ukungu mweupe kama unga hushika majani. Mwaka wa kwanza mara nyingi mmea huwa mdogo na hauna ua la kuonyesha. Asiye na saburi huung'oa. Mwenye kujua huacha mizizi ifanye kazi yake, kwa maana ua hili si la mwaka mmoja: shina hufa kila baridi, lakini shina jipya hutoka katika mizizi ile ile.

Yako mambo mawili yanayomshangaza mgeni. La kwanza ni kukata. Mwezi wa Juni mwenye bustani huchukua mkasi, akakata ncha za mashina, pengine theluthi nzima. Mtazamaji aweza kudhani ameuharibu mmea. Kumbe kila shina lililokatwa hutoa matawi, na badala ya shina moja refu linaloangushwa na upepo, huwa kichaka chenye maua mengi zaidi. Lakini mwenye busara huacha kukata mwanzo wa Julai. Akikawia, baridi itayakuta maua hayajafunguka.

La pili ni kuacha. Maua yakiisha, mashina makavu hayakatwi mara moja. Ndege wadogo hula mbegu zake wakati wa theluji, na ndani ya mashina makavu ya bustani hulala watoto wa nyuki wadogo wa porini. Husafishwa majira ya maua yakirudi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu fungu la mizizi hufukuliwa na kugawanywa, na jirani hupewa kipande. Dawa ya kuua wadudu haitiwi hapo hata kidogo, kwa maana haiwezekani kumwalika mgeni mezani na kumtilia sumu katika chakula.

5. Pembe ya shamba

Jambo hili la kuwaachia wengine mahali si geni katika Kanisa. Katika Sheria ya Musa Mungu aliwakataza Waisraeli kuvuna shamba mpaka pembe zake za mwisho. Masalio yalikuwa ya maskini na ya mgeni. Kwa masalio hayo Ruthu, mwanamke wa Moabu, alipata chakula katika shamba la Boazi. Na katika uzao wake alizaliwa mfalme Daudi, na baada ya vizazi vingi Bwana Yesu Kristu. Kama Boazi angalivuna kila suke, Ruthu angaliondoka na njaa.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, aliagiza kwamba katika bustani ya nyumba ya ndugu zake iachwe sehemu isiyolimwa, ili majani na maua ya porini yaote humo, na mwenye kuyaona amsifu Mwumba wake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wale wanaotunza viumbe. Naye Papa Fransisko alilikumbusha agizo lile la bustani mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si'.

Mkatekumeni wa Kongo hana haja ya kulitafuta ua la New England. Kila nchi imepewa maua yake, na ua zuri likipelekwa mahali pasipo pake laweza kuwa balaa. Watu wa mto Kongo wanajua hayo. Gugu-maji, lenye ua zuri la zambarau, ni la Amerika ya Kusini. Lilienea katika mto katika miaka ya 1950, likaziba njia za mitumbwi. Kwa hiyo fundisho si kuleta mbegu kutoka mbali. Fundisho ni kuacha pembe moja ya shamba isilimwe wala isichomwe moto, ili maua ya porini ya pale pale, yachanuayo wengine wakiisha, yapate kumaliza kazi yao. Tena anayepanda mtini kutafuta asali asiwateketeze nyuki wote kwa moto wake, bali awaachie mahali pa kukaa na chakula cha kuwatosha.

6. Aliyechelewa ana wageni wake

Sasa neno kwa yule mwenye mvi aliyeona haya.

Ua la Oktoba halikuwa na uvivu mwezi wa Juni. Mizizi yake ilikuwa ikifanya kazi mahali asipoona mtu. Vivyo hivyo, mtu aliyelea watoto yatima wa ndugu yake, aliyemgawia mgeni mhogo wake, aliyekataa kushuhudia uwongo barazani, neema ya Mungu ilikuwa imekwisha kumgusa kabla ya kufika darasani. Ubatizo ni zawadi tupu, wala hakuna anayeulipia. Lakini asidhani kwamba Mungu alimwona siku ile tu alipoandikishwa.

Kungojea nako kusimvunje moyo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza wangojee miaka minne wale waliotaka Ubatizo katika Afrika. Wengine waliona ni ukali. Yeye alitaka imani yenye mizizi. Mbegu ile ya Amerika haiamki vema isipopita katika baridi, na shina lililokatwa Juni ndilo lenye maua mengi Oktoba. Mwalimu akimrudisha mtu nyuma somo moja, hajamkata ili afe.

Lakini neno kubwa kuliko yote ni hili. Watu hudhani kwamba Mungu humpokea aliyechelewa kwa huruma tu, kama mtu anayemwachia mzee kiti mlangoni. Sivyo. Mungu ana wageni ambao hawezi kuwalisha ila yeye. Maua ya Juni ni mazuri, lakini malkia wa nyuki akitafuta chakula Oktoba hayapo. Kijijini yuko mzee mwingine aliyekaa mbali na kanisa miaka yote, ambaye hatamsikiliza kijana wa miaka kumi na mitano. Kijana huyo anajua Katekisimu yote, lakini hawezi kumwambia mzee: «Hata mimi nilikuwa na mvi, nilicheka na kuchekwa, nikaona haya, na Bwana akanipokea.» Neno hilo lina midomo yake. Likikosa kusemwa na aliyechelewa, halitasemwa na mtu mwingine, na yule mzee atakuta meza tupu katika saa yake ya mwisho.

Kwa hiyo anayeacha darasa kwa haya haachi kiti chake tu. Aacha na wale waliokuwa wanamngojea.

Usiku wa Pasaka mshumaa mkubwa huwashwa, na katika wimbo wa sifa za mshumaa huo Kanisa huikumbuka hata kazi ya nyuki, kwa maana tangu zamani mshumaa wa Pasaka ulifanywa kwa nta yao. Nyuki walipata nta kwa nguvu ya maua, maua ya mwanzo na maua ya mwisho, wala hakuna awezaye kuitazama nta na kusema: hii ni ya Juni, na hii ni ya Oktoba. Kila aliyebatizwa hupewa mshumaa wake, nao huwashwa kutoka ule mmoja. Mkono wa mtoto utakuwa imara, na mkono wa mzee pengine utatetemeka. Nuru itakuwa moja.

Maswali ya darasani

1. Katika mfano wa shamba la mizabibu, watu wa saa kumi na moja walilipwa nini?
2. Kwa nini malkia wa nyuki wanene ahitaji maua mwisho wa mwaka kuliko wakati mwingine?
3. Mbegu ya asta yahitaji nini kabla ya kuamka? Hiyo yatufundisha nini juu ya miaka ya ukatekumeni?
4. Mungu aliagiza nini juu ya pembe za shamba, na ni nani aliyepona kwa agizo hilo?
5. Ni nani kijijini aliyeacha darasa kwa haya? Nani atakwenda kumwita juma hili?